Televisheni Ndogo na Hesabu Zake

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba somo moja kwa ajili ya upande wa Kiswahili, sikuwa na haja ya kutafuta jambo mbali. Jambo lenyewe lilikuwa limenikaa moyoni tangu mkutano mkuu wa wanafunzi wa zamani wa mwaka jana. Wale waliokuwapo watakumbuka. Wenzetu watano walisimama wakasema kwamba wilaya yetu haina kituo chake cha televisheni, kwamba habari zetu hazionekani ila siku ya ajali au siku ya ziara ya mkubwa, na kwamba jambo hilo ni aibu. Wakaomba nusu ya fedha tulizokwisha kuchanga kwa ajili ya maabara ya shule itolewe iwe mtaji wa kituo hicho. Walisema fedha hizo zitarudi baada ya miaka miwili, tena zitarudi na ndugu zake. Watu walipiga makofi sana. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu, nilipewa miezi mitatu nilitazame shauri hilo kisha nitoe maoni.

Somo hili ni yale niliyojifunza katika miezi hiyo mitatu. Wadogo zangu mlio madarasani mtaona ndani yake hesabu mnazoweza kuzifanya wenyewe, na wenzangu wa zamani mtaona kwa nini nilisema nililolisema.

BASI NA ABIRIA WAKE

Kwanza yatupasa tufahamu ni biashara ya namna gani tunayoizungumza. Katika biashara nyingi tunazozijua, gharama hukua pamoja na wateja. Mama anayepika maandazi sokoni, akipata wateja kumi hukanda unga kidogo; akipata wateja mia hukanda unga mwingi. Siku ya kukosa wateja unga hubaki katika gunia, na hasara yake ni ndogo.

Televisheni si hivyo. Televisheni ni kama basi la kwenda Kampala. Likiondoka na abiria watano au abiria sitini, dereva hulipwa mshahara ule ule, njia ni ile ile, na mafuta hayapungui sana. Kadhalika habari za jioni. Zikitazamwa na nyumba mia moja au nyumba laki moja, mwandishi amelipwa mara moja, kamera imenunuliwa mara moja, na umeme umewaka saa zile zile.

Na tufanye hesabu. Tarakimu nitakazotoa ni za mfano tu, wala si za kituo cho chote kilichopo. Tuseme kituo kina watu 12, na kila mmoja hulipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Jumla ni 9,600,000. Umeme na mafuta ya jenereta ni 2,400,000. Ada ya kurushiwa mawimbi ni 6,000,000. Kodi ya nyumba na matengenezo ya vyombo ni 2,000,000. Yote pamoja ni shilingi 20,000,000 kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Sasa tutazame mapato. Tuseme kituo kinatazamwa na nyumba 10,000, na mwenye duka hukubali kulipa shilingi 2 kwa kila nyumba itakayoliona tangazo lake mara moja. Basi bei ya tangazo moja ni shilingi 20,000. Ili zipatikane shilingi 20,000,000, lazima yauzwe matangazo 1,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya 33 kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Je, nani atayanunua? Nilitembea barabara kuu ya mji wetu kwa miguu nikahesabu maduka makubwa, hoteli, shule za watu binafsi na wauza mabati, yaani wote wenye uwezo wa kulipa. Nikapata 40. Kila mmoja wao angelazimika kununua matangazo 25 kwa mwezi, maana yake kutoa shilingi 500,000 kila mwezi bila kukosa.

Niliwauliza baadhi yao kama wangekubali. Mwuza mabati mmoja alicheka akaniambia, "Bwana, katika mji huu ni nani asiyejua duka langu liko wapi?" Jibu lake lilinifundisha sana. Katika mji mdogo mteja amekwisha kumjua mwenye duka. Tangazo halimwongezei mwenye duka jambo kubwa, na kwa sababu hiyo hana haraka ya kulilipia.

Chukueni sasa kituo kile kile, na watu wale wale 12, lakini kitazamwe na nyumba 100,000. Bei ya tangazo itakuwa shilingi 200,000, na matangazo 100 kwa mwezi yatatosha. Hayo hayafiki hata manne kwa siku. Gharama haikuongezeka, walioongezeka ni abiria. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: gharama ya kipindi haiulizi idadi ya watazamaji, lakini mapato ya matangazo huiuliza kila siku.

VITUO VIWILI VYA MWAKA 1962

Labda mtu atasema kwamba haya ni maneno ya karani tu. Nami niliogopa hivyo, kwa hiyo nikatafuta mifano ya kweli. Niliikuta Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa zaidi ya mara moja, na matokeo yake yameandikwa.

Televisheni ya matangazo ya biashara ilianza Uingereza mwaka 1955. Kabla ya hapo ilikuwapo BBC peke yake, ambayo hulipwa kwa ada ya kila nyumba yenye televisheni. Katika mpango ule mpya nchi iligawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu ikapewa kampuni yake. Kampuni hizo ziliuza matangazo, zikatengeneza vipindi vya mahali pao, na vipindi vikubwa zikapeana. Mwanzoni zilipata hasara. Lakini baada ya muda zile za sehemu zenye watu wengi zilipata faida nyingi mno, hata Roy Thomson, mkuu wa kampuni ya Scotland iliyoanza 1957, alisema kwamba kuwa na leseni ile ni sawa na kupewa ruhusa ya kujichapishia noti. Wengi waliosikia maneno hayo walidhani kila leseni ya televisheni ni ya namna hiyo.

Mwezi wa Septemba 1962 vilianza vituo viwili vya mwisho vya mpango ule. Kukumbuka mwaka wenyewe si vigumu kwetu, kwa maana ndio mwaka televisheni ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata ikaanza Uganda.

Kituo kimoja kilikuwa Channel Television, cha visiwa vya Jersey na Guernsey na visiwa vidogo vya jirani, karibu na pwani ya Ufaransa. Watu wote wa visiwa hivyo, wazee kwa watoto, walikuwa kiasi cha laki moja tu. Hapakuwa na kampuni ndogo kuliko hiyo katika mpango mzima. Kituo cha pili kilikuwa cha magharibi na kaskazini ya Wales, nacho kwa lugha ya Kiwelisi kiliitwa Teledu Cymru. Eneo lake lilikuwa kubwa, watu wake walikuwa wengi zaidi, tena wengi wao walikuwa na mapenzi makubwa ya lugha yao. Kama ningeulizwa siku ile ni kipi kitakachokufa mapema, ningejibu ni kile cha visiwani. Ningekosea.

Kituo cha Wales kilikuwa na wajibu wa kutengeneza vipindi vingi vya Kiwelisi, ambavyo hakuna sehemu nyingine ya nchi iliyoweza kuvinunua. Watu wakaajiriwa, vyombo vikanunuliwa. Lakini mitambo ya kurushia mawimbi, ambayo haikujengwa na kampuni bali na mamlaka ya televisheni, ilichelewa. Katika mitambo mitatu, mmoja tu uliwaka siku ya kwanza. Wa pili uliwaka mwezi wa Novemba, na wa tatu Januari 1963. Miezi yote hiyo mishahara ililipwa, lakini watazamaji wa kuwapatia wenye bidhaa hawakuwapo. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingine za eneo hilo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kupokea vituo vya jirani, kama kile cha Granada cha Manchester, wala hawakuona sababu ya kugeuza antena zao. Mwezi wa Mei 1963 kampuni iliacha kutengeneza vipindi vyake yenyewe. Mwezi wa Januari 1964 ilimezwa na jirani yake wa Wales ya kusini.

Kwa nini kile cha visiwani kiliishi? Nimeona sababu nne. Kwanza, hakikujaribu kuijaza siku nzima kwa jasho lake. Vipindi vikubwa vilitoka Uingereza. Kituo kilivipokea kwa antena kutoka ng'ambo ya bahari, kikavirusha upya, na chenyewe kikatengeneza habari za visiwani tu. Pili, kodi ambayo kampuni zililipa kwa mitambo haikuwa sawa kwa wote: kampuni kubwa zilitozwa nyingi na ndogo zilitozwa kidogo. Maana yake ni kwamba mapato ya London na Manchester yalisaidia kumwashia taa mvuvi wa Guernsey. Tatu, kituo kilichapisha gazeti lake la ratiba ya vipindi, watu wakalinunua kila juma, na fedha hizo zilikisaidia sana katika miaka ya shida. Nne, bahari ilikuwa ukuta: hapakuwa na kampuni nyingine ya namna ile iliyowavuta watazamaji wake. Kwa njia hiyo kituo kile kidogo kuliko vyote kiliishi miaka 49, mpaka kiliponunuliwa na ITV mwaka 2011.

Hapo tunapata kanuni ya pili. Kituo kidogo hakiishi kwa ukubwa wa mapato yake. Huishi kwa gharama ambazo wengine wamekubali kukibebea. Wenzi hao wakiwapo, kinaweza kuishi miaka mingi. Wasipokuwapo, ari peke yake haitoshi.

JARIBIO LA PILI

Mwaka 2010 Waingereza walijaribu tena. Waziri wao wa utamaduni wakati huo, Jeremy Hunt, alitaka miji iwe na televisheni zake. Alilinganisha miji miwili yenye jina moja: Birmingham ya Alabama, Marekani, ambayo ina vituo vyake kadhaa, na Birmingham ya Uingereza, ambayo ni kubwa zaidi na haikuwa na hata kimoja. Aliuliza kwa nini iwe hivyo. Swali lilikuwa zuri, nami nitarudi kulijibu.

Hunt alimwomba Nicholas Shott, mtu wa benki ya Lazard, achunguze kama biashara hiyo inaweza kujilisha. Taarifa yake ilitoka Desemba 2010. Kwa ufupi ilisema kwamba si rahisi vituo hivyo vilishwe na matangazo ya biashara peke yake, na kwamba ingefaa kuanza na miji mikubwa michache na kuvisaidia. Basi ikakubaliwa kwamba BBC itoe mpaka paundi milioni 25 za kujenga mitambo, na mpaka paundi milioni 5 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, za kununua habari kutoka vituo hivyo. Jumla ni paundi milioni 40, nazo zilitoka katika ile ada ya nyumba. Mwaka 2013 kampuni iitwayo Comux ilipewa kazi ya kurusha mawimbi, ikaruhusiwa kuuza nafasi inayobaki kwa vituo vingine, ili vituo vidogo visibebe mzigo wote. Mtaona kwamba hiyo ni kanuni ya pili imeandikwa katika sheria.

Onyo lilikuwapo. Manchester ilikuwa na kituo chake, Channel M, kilichoanzishwa mwaka 2000 na kampuni ya magazeti. Kilifungwa mwaka 2012, wakati mpango huo mpya ulipokuwa ukitengenezwa. Hata hivyo kazi iliendelea. Kituo cha kwanza cha mpango kilianza Grimsby mwezi wa Novemba 2013, na mwishowe leseni zilifika 34.

Yaliyotokea ni haya. Huko Birmingham, mji ule ule uliotolewa mfano, kampuni iliyopata leseni ilishindwa mwaka 2014 kabla ya kurusha hata picha moja. Ilibidi wengine waichukue. Huko Scotland, kampuni kubwa ya STV ilianzisha vituo vya Glasgow na Edinburgh, ikaviunganisha pamoja na vingine kuwa kimoja mwaka 2017, kisha ikakifunga mwaka 2018. Katika miji mingine leseni nyingi zilikusanyika katika mikono ya kampuni chache, na kampuni hizo ziliunganisha kazi na kujaza saa nyingi za siku kwa vipindi ambavyo havihusu mji wenyewe. Mwaka huo huo wa 2018, Ofcom, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mambo haya, iliamua kwamba haitatangaza leseni nyingine za namna hiyo.

Mfano wa London ndio ulionishangaza kuliko yote. Mji ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 8 wakati kituo chake, London Live, kilipoanza mwezi wa Machi 2014. Mwenyewe alikuwa Evgeny Lebedev, mwenye gazeti la Evening Standard, kwa hiyo kituo kilikuwa na ndugu mkubwa wa kukitangaza kila siku. Mtu angesema kwamba hapo abiria wamejaa. Lakini basi moja halijazwi na wingi wa watu walio mjini. Hujazwa na wale wanaolipanda. Mtu wa London akiwasha televisheni yake ana vituo vingi vya bure vya kuchagua, na simu mkononi. Gazeti lenyewe liliacha kutoka kila siku mwezi wa Septemba 2024. Mwezi wa Januari 2025 London Live ilifikia mwisho wake. Mgongo wa ndugu mkubwa ulipochoka, mdogo naye alishuka.

Sasa nijibu lile swali la Birmingham mbili. Vituo vikubwa vya Birmingham ya Alabama havijibebi vyenyewe. Kila kimoja kimejiunga na mtandao wa taifa, kama ABC, CBS, NBC au Fox, ambao hukipa vipindi vikubwa vya jioni. Kwa sheria ya mwaka 1992, vituo vinaweza kudai malipo kwa kampuni za kebo zinazopeleka picha zao majumbani. Kila baada ya miaka miwili kuna uchaguzi, na wagombea hununua matangazo kwa wingi. Tena kituo kimoja cha huko hakihudumii mji tu. Huhudumia eneo kubwa lenye nyumba laki kadhaa. Waziri aliliona paa la jirani akalipenda, lakini nguzo zake hazikuwa katika uwanja wake.

NA KWETU JE?

Msidhani ya kwetu ni tofauti kwa kuwa mishahara yetu ni midogo. Bei ya tangazo nayo ni ndogo. Kinachoamua ni uwiano wa viwili hivyo.

Kuna jambo moja ambalo wenzetu watano hawakuliweka katika karatasi yao. Kwa mapatano ya mataifa yaliyofanywa Geneva mwaka 2006, nchi nyingi, na zetu zikiwamo, zilipewa mpaka tarehe 17 Juni 2015 kuacha mawimbi ya zamani na kuingia katika mawimbi ya dijitali. Zamani mwenye kituo alisimamisha mlingoti wake mwenyewe, na baada ya kuulipia ulikuwa wake. Katika mpango wa dijitali kituo hutengeneza vipindi, na kampuni nyingine hukirushia. Hapa Uganda kampuni ya serikali ya kazi hiyo ni Signet. Jambo hili lina heri yake, kwa maana mtu hana haja ya kununua mtambo mzima. Lakini lina uzito wake pia. Mlingoti uliokuwa gharama ya mara moja umekuwa kodi ya kila mwezi, na mwenye kodi hasubiri mwuza mabati alipe kwanza.

Karatasi ya wenzetu ilikuwa na bei ya kamera, taa, kompyuta na meza. Bei hizo zote zilikuwa sahihi, nilizihakiki. Lakini ilikuwa na gharama za kuanza tu. Mwezi wa nne haukuwamo. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika kazi yangu, kwa wenye mabasi, wenye mashine za kusaga na wenye shule. Mtu hukusanya fedha za kununua ng'ombe, asikusanye za majani.

Hata hivyo nawaomba msinielewe vibaya. Haja waliyoisema ni ya kweli. Mvua za mwaka ule zilipolichukua daraja letu, sisi tunaokaa upande wa pili tulipata habari zake siku ya tatu, tena kutoka Kampala. Baraza la wilaya hukutana, hupitisha matumizi ya fedha zetu, na hakuna kamera hata moja mlangoni. Mji usiojiona hauwezi kujisahihisha. Kama hesabu imesema hapana, haja haikufutika kwa sababu hiyo.

MASWALI MANNE

Kwa hiyo niliwaambia kamati kwamba mtu ye yote akituletea shauri la kituo kidogo, na tumwulize mambo manne kabla ya kufungua mfuko.

La kwanza: gharama za mwezi ni kiasi gani, si za kuanza? Mtaji uwe na uwezo wa kulipa miezi 12 bila tangazo hata moja, kwa maana watazamaji huja polepole. Kituo cha Wales hakikufikisha mwaka mmoja wa kujitengenezea vipindi.

La pili: nani atashiriki gharama? Je, kuna kituo kikubwa cha kutupa vipindi, au shule, au chama cha ushirika, au kanisa na msikiti, ambao watabeba sehemu ya mzigo kwa mapatano yaliyoandikwa?

La tatu: msaada ukiisha, nini kitabaki? Fedha za BBC kwa ajili ya kununua habari zilipangiwa miaka mitatu. Msaada wenye mwisho ni ngazi, si nyumba. Na msaada wa mwanasiasa una bei yake, nayo hulipwa siku ya uchaguzi.

La nne: je, haja yenyewe inahitaji kituo kizima? Ili daraja na baraza vionekane, je, lazima tujaze saa 24?

Swali hili la nne ndilo lililotupatia njia. Niliweka mbele ya kamati hesabu nyingine. Watu watatu tu, kwa 800,000 kila mmoja, ni shilingi 2,400,000. Kwa safari, umeme na matengenezo tukaongeza 600,000. Jumla ni 3,000,000 kwa mwezi. Watu hao watengeneze nusu saa moja ya habari za wilaya kila juma, waipeleke katika kituo kilichopo ambacho tayari kina watazamaji, na waiweke pia katika simu. Wakipatikana wafadhili 20, kila mmoja akatoa 150,000, hesabu inakaa sawa. Hatuna basi, tumekata tiketi katika basi la mwingine.

Mkutano ulikuwa mrefu. Mmoja wa wale watano aliniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mtu wa kuua ndoto kwa kalamu nyekundu. Mwingine hakunipa mkono siku hiyo. Sikuwalaumu, maana walikuwa wametoa akiba zao wenyewe katika shauri lile, na niliijua shabaha yao. Mwishowe kura zilipigwa, na fedha za maabara hazikuguswa. Ninyi mlioko kidato cha tatu mmekwisha kuziona kuta zikipanda nyuma ya bweni.

Wenzetu watano hawakukata tamaa. Waliichukua ile hesabu ndogo wakaianza kwa fedha zao. Mpaka ninapoandika wamepata wafadhili 14 katika wale 20. Kila mwezi wanapungukiwa shilingi 900,000, na pengo hilo hulijaza kwa mifuko yao, 180,000 kila mtu. Habari za baraza la wilaya zimekwisha kuonekana mara tatu. Yule aliyeniita mwuaji wa ndoto hunipigia simu kila mwisho wa mwezi tuhakiki daftari pamoja.

Hii ni hesabu iliyo wazi, haijafungwa. Wafadhili sita wakipatikana, itasimama kwa miguu yake. Wasipopatikana, mifuko mitano itachoka, kama migongo mingine ilivyochoka kabla yake. Wenzangu wa zamani mlio na maduka, mimi sitawaambia kwamba fedha zenu zitarudi na ndugu zake. Nawaambia tu kwamba gharama yake inajulikana, na kwamba mtaona kila juma mmelipia nini.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Kituo kina gharama za shilingi 15,000,000 kwa mwezi na hutazamwa na nyumba 6,000. Bei ya tangazo ni shilingi 2 kwa kila nyumba. Yahitajika matangazo mangapi kwa mwezi? Je, mji wako unaweza kuyanunua?

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini kituo cha visiwani kiliishi miaka 49, na kile cha Wales, kilichokuwa na watu wengi zaidi, hakikufika miaka miwili.

3. Taja biashara mbili za hapa kwetu zinazofanana na basi, na mbili zinazofanana na maandazi. Toa sababu zako.

4. Wafadhili wa wenzetu wamepungua kutoka 14 kuwa 10. Kila mmoja wa wale watano atalipa kiasi gani kwa mwezi? Je, wewe ungeendelea?